Panga somo la dakika 28: mwongozo kamili wa TP mjini Mombasa

Ratiba ya shule ya sekondari itakuambia kwamba kipindi ni dakika 40. Usiiamini. Mazoezi yangu ya kufundisha, TP kama tunavyoyaita sote, niliyafanyia katika shule moja ya kutwa upande wa Kisauni, nikifundisha Kiswahili na Historia. Wiki ya pili nilianza kuhesabu kwa saa ya mkononi. Mwalimu aliyetangulia bado yuko ubaoni anamalizia mfano wake: dakika 4. Kufuta ubao, kurudisha madawati mahali pake, kuwatuliza: 3. Waliochelewa na sababu zao: 2. Mwishoni, kutoa kazi ya nyumbani na kukusanya madaftari: 3. Zinabaki 28. Karibu kila kosa nililolifanya muhula ule lilitokana na kulazimisha somo la dakika 40 liingie kwenye dakika 28.

Kama uko chuo cha walimu wa msingi, Shanzu kwa mfano, hesabu yako inabana zaidi. Vipindi vya madarasa ya chini ni dakika 30 na vya madarasa ya juu ni 35. Toa mwenyewe, utaona kinachobaki.

Hatua ya 1: Chagua njia ya kufika kabla ya kuchagua shule

Wengi wetu huanza na jina la shule. Anza na nauli na saa. Kisiwani unaingia kwa daraja la Nyali ukitoka kaskazini, kwa Makupa ukitoka Changamwe na Jomvu, na kwa feri ukitoka Likoni. Asubuhi watu wengi wanamiminika kuingia kisiwani, na jioni wanamiminika kutoka. Mwalimu anayelala Likoni na kufundisha Tudor anakuwa na kivuko na foleni mbili kati yake na gwaride la asubuhi. Anayelala Majengo na kufundisha Bamburi anapita akiwaangalia wenzake waliokwama upande wa pili wa barabara. Ukiweza, panga chumba upande uleule ilipo shule, hata kama ni kidogo na choo ni cha ushirika. Mimi nilikuwa natembea dakika 15 kwa miguu, na hiyo ilinisaidia kuliko somo lolote la saikolojia nililolisoma chuoni.

Usirudi kwenye shule uliyosoma. Najua wanakujua, watakupokea vizuri, na mwalimu mkuu atakuita mwanangu. Hilo ndilo tatizo. Utamaliza muhula mzima hujapata ujasiri wa kukaa kwenye kiti cha chumba cha walimu.

Ukishapata barua ya utambulisho kutoka chuoni, nenda mwenyewe shuleni muhula mmoja kabla, umevaa kama mtu anayekuja kazini, na nakala 2 za barua mkononi, maana moja itabaki kwa karani na nyingine utahitaji igongwe muhuri. Salimia bawabu vizuri. Kama ni mtu mzima, mpe shikamoo yake. Huyo ndiye atakayekufungulia geti siku utakayochelewa, na ndiye atakayekwambia kwamba mwalimu mkuu hayupo leo, rudi Jumanne asubuhi kabla hajaenda mkutanoni.

Ukikubaliwa, uliza mambo manne kabla ya kuondoka: vipindi vingapi kwa wiki, madarasa gani, vitabu gani vinatumika, na nani atakuwa mwalimu wako mlezi, yule wa hapo shuleni atakayekuongoza. La tatu lina uzito siku hizi. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza darasa la nane katika mfumo wa zamani, ulifanywa 2023, Gredi ya 10 ikaanza 2026, kwa hiyo kuna shule utakuta Gredi ya 10 wanafuata mtaala wa umilisi na chumba cha jirani Kidato cha Tatu bado wako kwenye mfumo wa zamani. Andalio la somo la huku halifanani na la kule. Uliza mapema, usije ukaandika maandalio ya wiki 3 kwa muundo usiotakiwa.

Hatua ya 2: Wiki ya kwanza, kaa nyuma

Kama shule itakubali, usifundishe siku 3 za mwanzo. Omba kuketi nyuma ya darasa utakalolichukua, katika masomo yote, hata Hisabati. Nilichokiona kutoka nyuma hakikuonekana kutoka mbele: ubao ulikuwa unang'aa kwa mwanga wa dirishani kuanzia saa nne, na safu mbili za kulia walikuwa hawasomi chochote kilichoandikwa kwenye pembe ile. Hakuna aliyekuwa amelalamika. Walikuwa wakinakili kutoka kwa wenzao.

Chora ramani ya darasa. Kila dawati, majina mawili. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 53, na kufikia Ijumaa nilijua majina 30 hivi. Ukimwita mtu kwa jina lake kutoka ubaoni umeokoa dakika nzima ya "wewe, hapana, wewe wa nyuma yake".

Katika chumba cha walimu, subiri uonyeshwe pa kukaa. Usijibanze na kiti kilicho karibu na feni, kina mwenyewe. Walimu wakubwa waite Bi au Mwalimu, na jina likifuata. Chai ya saa nne ina mchango wake. Uliza ni kiasi gani na utoe mapema. Wiki ya kwanza ndipo utakapogundua pia nani hasa anajua shule inavyoendeshwa, na mara nyingi si mwenye ofisi kubwa. Kwangu alikuwa mama wa jikoni.

Hatua ya 3: Hati, na jinsi ya kuandika andalio la dakika 28

Utahitaji azimio la kazi la muhula mzima, andalio la somo kwa kila kipindi, rekodi ya kazi unayoijaza baada ya kufundisha, na orodha ya mahudhurio na alama. Nunua kaunta buku kubwa kwa maandalio, na faili ngumu kwa vilivyobaki. Azimio la kazi omba la mwalimu mlezi, ulisome, kisha uandike lako. Kulinakili lilivyo ni kujitega: utajikuta wiki ya 6 unafundisha mada ambayo yeye alikwisha kuifundisha muhula uliopita.

Kwenye andalio nitakaa kidogo, maana hapa ndipo dakika zinapopotea.

Andalio langu la kwanza lilikuwa la ngeli ya U-ZI, Kidato cha Pili. Lengo niliandika hivi: "Mwanafunzi aelewe ngeli ya U-ZI." Sasa, kuelewa utakupimaje kengele ikilia? Nilipanga umoja na wingi, upatanisho wa kisarufi kwa vivumishi, upatanisho kwa viwakilishi, na nomino ambazo wingi wake huanza na ny-, nd- au mb-. Hayo ni masomo manne. Nilikuwa nimeyapa kurasa 2 safi, zenye mistari ya rangi.

Lengo lililorekebishwa lilikuwa hivi: "Kufikia mwisho wa somo, mwanafunzi aweze kutaja wingi wa nomino 8 za ngeli ya U-ZI na kutunga sentensi 3 zenye upatanisho sahihi." Hilo linahesabika. Ukitoka darasani unajua kama limetimia.

Mgawo wa dakika nilioutumia baadaye karibu kila siku: 4 za utangulizi, 8 za maelezo, 11 za wao kufanya kazi wenyewe au kwa makundi, 5 za kusahihisha pamoja. Jumla 28. Ukiona maelezo yako yanazidi 8, una masomo mawili, lipasue. Kipindi kikiwa maradufu usizidishe mgawo huu mara mbili. Weka mizunguko miwili, kila mmoja na zoezi lake, kwa sababu hakuna kijana wa miaka 16 atakayekusikiliza dakika 16 mfululizo saa nane mchana mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa imepungua na bati likiwa linachoma juu.

Nyenzo usinunue. Kwa U-ZI niliazima upawa na uteo kwa mama mwenye nyumba, nikatia mkobani pamoja na ufunguo wangu, uzi wa cherehani na kipande cha ukili. Upawa, pawa. Uteo, teo. Ufunguo, funguo. Uzi, nyuzi. Ukili, kili. Nusu ya darasa hawakujua ukili ni nini, na msichana mmoja ambaye hajawahi kunyoosha mkono muhula mzima akasimama kueleza jinsi bibi yake anavyosuka mkeka. Alichukua dakika 3. Nilimwachia.

Mwisho wa andalio kuna sehemu ya tafakuri. Wengi huijaza usiku wa kuamkia ukaguzi, kurasa 20 kwa mkupuo, kila moja "Somo lilifaulu". Msimamizi wa chuo, anayekuja kukukagua, anaijua hiyo. Wino ni mmoja na mwandiko umechoka. Andika siku ileile, mistari 2 tu, yenye kitu: "Kikundi cha nyuma hawakumaliza. Walichanganya ulimi/ndimi na limau/malimau. Kesho nianze hapo."

Hatua ya 4: Mbele ya darasa

Sauti yangu ilikauka Jumatano ya wiki yangu ya kwanza ya kufundisha. Nilikuwa nikishindana na kelele, na matatu nje zina muziki. Punguza sauti, sogea. Simama kando ya dawati la anayepiga soga, endelea kufundisha kama hakuna kilichotokea. Beba maji. Beba chaki zako mbili tatu na kifutio chako, la sivyo dakika nyingine itakwenda kumtuma kiranja darasa la jirani.

Ubao ugawe sehemu 3: kushoto tarehe, mada na lengo, katikati maelezo, kulia maneno mapya yasiyofutwa hadi mwisho. Kabla ya somo la kwanza ingia darasani jioni, watoto wakiwa wameondoka, uandike na ukakae dawati la nyuma usome mwenyewe.

Masika ikianguka Aprili na Mei, mvua juu ya bati itakunyamazisha. Hutasikika hata ukipaza vipi. Weka mkobani kazi ya kuandika ambayo haihitaji maelezo: kifungu kifupi na maswali 5, nakala zimekunjwa tayari. Niliitumia mara 3 muhula ule.

Sasa suala la lugha, kwa wanaofundisha Kiswahili na hasa mnaotoka bara kama mimi. Mimi ni wa Voi. Kijana mmoja aliyelelewa na nyanya yake Mji wa Kale aliandika kwenye insha "tukashika ndia" na "mato yakanitoka". Nikapiga wino mwekundu mahali pote, nikajisikia mwalimu. Mwalimu wangu mlezi, Bi mmoja mwenyeji wa hapa, alilichukua lile daftari akacheka.

"Mwanangu, huyu hajakosea. Hicho ni Kimvita. Wewe mwambie tu mtihani unataka kipi."

Niliona haya. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na mkutano ulioafiki hivyo ulifanyika Mombasa hapahapa, mwaka 1928. Yaani mtoto huyu anaadhibiwa kwa lugha ya mji wake, katika mji wake. Kesho yake nikachora safu mbili ubaoni, nyumbani na mtihanini: ndia/njia, mato/macho, kitwa/kichwa, ndoo/njoo. Waliongeza wenyewe mpaka nafasi ikaisha, na wale wa bara wakacheka sana walipofika kwenye ndoo. Tangu siku hiyo nilikuwa nikizungushia neno la lahaja kwa penseli, bila kukata alama katika mazoezi ya kawaida, na mwenyewe anaandika la sanifu pembeni. Fanya hivyo. Huchukua sekunde chache na hupotezi mtoto.

Hatua ya 5: Nidhamu na mipaka

Kiboko hapana. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya mwili na mateso ya kisaikolojia, na kwa mwanachuo haijalishi nani mwingine shuleni ameshika nini mkononi. Ukiombwa "wanyooshe kidogo", sema chuo hakiruhusu, na uondoke na heshima yako. Matusi na kumdhalilisha mtoto mbele ya wenziwe vimo katika katazo hilohilo.

Kilichonifanyia kazi ni kubadilisha viti kila Jumatatu, na kuzungumza na mkorofi baada ya kipindi, tukiwa tumesimama kwenye varanda ambapo kila mtu anatuona. Mmoja aliyenisumbua wiki 2 nilikuja kujua anauza mabuyu jioni hadi saa tatu usiku. Hatukuwa marafiki baada ya hapo. Alinyamaza tu, akafanya kazi yake.

Mipaka nayo. Una miaka 21 au 22, na katika Kidato cha Nne wapo wenye 18 na 19. Usitoe namba yako ya simu. Usikae na mwanafunzi mmoja chumba kilichofungwa, hata kama anahitaji msaada kweli. Fungua mlango au tokeni nje. Ujumbe wa darasa upite kwa mwalimu wa darasa. Ukisikia au kuona mwanafunzi ananyanyaswa na mtu mzima, mpelekee habari mwalimu mkuu siku hiyohiyo na umjulishe msimamizi wako wa chuo. Usilichunguze mwenyewe.

Hatua ya 6: Siku anapokuja asesa

Asesa ndiye huyo msimamizi wa chuo, na hatangazi. Utamwona amekaa na mwalimu mkuu saa tatu, au utasikia tu kiti kikivutwa nyuma ya darasa. Kwa hiyo faili iwe nawe kila siku, andalio la siku hiyo likiwa juu. Msimamizi akiingia, mpe faili, mpe kiti na kitabu, kisha umsahau. Usianze kuzungumza lugha ngeni ambayo wanafunzi hawajawahi kukusikia ukiizungumza.

Ukaguzi wangu wa kwanza ulikuwa ule wa U-ZI wa masomo manne. Kengele ililia nikiwa nimeandika kichwa cha sehemu ya 3. Alipokuja nje hakuniuliza lolote kuhusu ngeli. Alikuwa amechukua daftari la kijana aliyeketi mwisho kabisa. Alilifungua akaniwekea mbele ya macho. Tarehe. Mada. Mistari 4, wa mwisho umekatika katikati ya neno. Akalifunga, akanirudishia.

Ukaguzi wa pili nilikuwa na mkoba wa pawa na teo.

Maoni yake yaandike neno kwa neno, na somo linalofuata weka andalio linaloonyesha umebadilisha nini. Wasimamizi huangalia ukurasa uliotangulia.

Hatua ya 7: Ijumaa, mfungo, na kalenda ya mji

Kipindi cha mwisho kabla ya adhuhuri ya Ijumaa usikipangie mtihani wala mada mpya. Katika shule nyingi za hapa wavulana wanatawadha na kuondoka kwenda msikitini, na utabaki na nusu ya darasa. Nilikitumia kwa vitendawili, ushairi na masimulizi.

TP yako ikiangukia muhula wa kwanza, huenda ukakutana na Ramadhani, ambayo kila mwaka husogea nyuma siku 11 hivi. Weka kazi za kuzungumza na kubishana asubuhi, za kusoma kimya mchana. Usile wala kunywa mbele ya darasa. Jioni wengi wanakwenda madrasa, kwa hiyo kazi ya nyumbani iwe sentensi 5 zilizochaguliwa vizuri, si kurasa.

Wa Historia: ziara ya Fort Jesus inawezekana hata kwa shule maskini, na kumfundisha mtoto wa Mombasa Wareno na ngome yao ya 1593 kutoka kitabuni peke yake ni aibu kidogo. Lakini ruhusa ya shule, barua za wazazi na nauli vilinichukua wiki nyingi, nikaenda na darasa moja tu kati ya mawili. Anza makaratasi wiki ya 2.

Hatua ya 8: Madaftari 106

Nilikuwa na mikondo miwili. Kusahihisha kila kosa katika kila insha ni ugonjwa wa wanachuo, na nilikaa hadi saa sita usiku siku kadhaa kabla sijapona. Chagua makosa ya aina 2 kwa kila zoezi, watangazie kabla hawajaandika, na usahihishe hayo tu. Mazoezi mafupi wabadilishane na kusahihisha wenyewe katika zile dakika 5 za mwisho. Insha kamili, moja kwa kila wiki 3. Rudisha kabla ya siku 4. Baada ya hapo mtoto hakumbuki alichokiandika.

Hatua ya 9: Kuondoka

Wiki 2 kabla ya mwisho, keti na mwalimu mlezi mkagawane kilichobaki katika azimio la kazi. Mkabidhi alama zote kwa karatasi na kwa simu. Rudisha vitabu vya shule na uchukue sahihi kwa kila kimoja. Nakala za fomu za tathmini piga picha kabla ya kuziacha ofisini.

Zawadi kubwa kwa shule si lazima. Nilileta mahamri na mbaazi chumba cha walimu, na kwa bawabu fungu lake kando.

Fomu ya kumaliza inataka sahihi ya mwalimu mkuu na muhuri wa shule. Peleka Alhamisi asubuhi. Mimi nilipeleka Ijumaa saa sita na robo. Mwalimu mkuu alikuwa ameondoka, karani anafunga dirisha, na muhuri umo kabatini hadi Jumatatu.